Umeme wa Simaloi

Jumanne moja, saa mbili na nusu asubuhi, gari la wagonjwa la kutoka Oldonyo Sambu lilifika Daraja Mbili, mjini Arusha, likivutwa kwa kamba na lori la mchanga. Anneth alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya karakana yake, anakunywa chai ya rangi. Alilitazama gari likifunguliwa kamba, akalitambua, akamalizia chapati yake kwanza. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja.

Anneth alikuwa na miaka kumi na nane katika kazi ya umeme wa magari. Alizaliwa Machame, akasomea ufundi, akaolewa Arusha, akafiwa na mume, na katika yote hayo hakuacha kufungua boneti. Karakana yake ilikuwa paa la bati lililobanwa kati ya wachomeleaji na muuza matairi ya mtumba. Watu walimwita Mama Hanna, kwa jina la binti yake aliyekuwa kidato cha tatu, na walimletea magari yaliyowashinda mafundi wengine, kwa kuwa alikuwa na subira ya kufuata waya mmoja kutwa nzima.

Dereva, Lesikar, alishuka akiwa amevaa koti zito la sufi. Huko anakotoka upepo wa Meru hauna mchezo, na alikuwa hajazoea kulivua akifika mjini.

"Shikamoo, mzee," alisema Anneth.

"Marahaba, Mama Hanna. Limelala tena."

"Mara iliyopita nilikwambia nini?"

"Uliniambia niangalie nisiache taa. Nimezima zote. Mpaka redio nimeichomoa."

Anneth alifungua boneti. Kwenye vichwa vya betri kulikuwa na unga uliofura kama povu la sabuni lililokauka, mweupe upande wa hasi, wa kijani na bluu upande wa chanya. Alikuwa ameusafisha siku tisa tu zilizopita, na unga wa kiasi kile ulihitaji miaka miwili kuota. Mara mbili za kwanza alikuwa na wateja wengi. Alikwangua unga, akachaji betri, akaliacha gari liende zake. Safari hii alisimama akatazama.

Betri ilikuwa ndogo kuliko kitako chake. Gari la dizeli la ukubwa ule linataka betri kubwa, ile ambayo mafundi huiita sabini. Hii ilikuwa ya gari dogo la kutembelea, kuukuu, imekazwa kwa kipande cha ubao na mpira wa baiskeli ili isichezecheze. Vibano vya waya vilikuwa vinapwaya, na mtu alikuwa amevijazia msumari.

"Hii betri si ya gari hili," alisema.

Lesikar akatazama upande wa barabara. "Ndiyo iliyopo."

Anneth alichukua vifaa vyake. Alikwangua unga kwa brashi ya waya, akaazima betri nzima kwa muuza matairi, akawasha injini na kupima chaji. Alternata ilikuwa inatoa volti kumi na nne na ushee, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo umeme ulikuwa unaingia vizuri. Tatizo ni kwamba kulikuwa na kitu kinaula wakati gari limezimwa. Alizima injini, akatoa ufunguo, akafungua waya wa hasi na kuweka mita katikati. Gari likiwa limelala, mita hutakiwa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma ampea moja na nusu.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, macho kwenye mita. Ya honi, hapana. Ya vipangusa kioo, hapana. Ya feni, hapana. Alipochomoa ya taa ya ndani, ile ya nyuma wanakokaa wagonjwa, mshale ulianguka hadi sifuri, na humo nyuma sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kimaasai.

"Anauliza nani amemzimia taa," alisema Lesikar.

Anneth alizunguka akachungulia kwenye mlango wa nyuma. Nusu saa iliyopita alikuwa ameingia humo kukagua balbu, na mabenchi yote mawili yalikuwa matupu. Sasa kwenye benchi la kushoto alikuwa amekaa mwanamke kijana, amejifunga shuka la bluu, shanga shingoni, tumbo la miezi tisa likiwa limempanda mpaka kifuani. Alikuwa ameegemea kioo kama mtu aliyechoka kungoja.

Anneth akaenda akairudisha fyuzi. Taa ikawaka. Mita ikapanda tena mpaka ampea moja na nusu. Mara nyingi mvujo wa namna hii husababishwa na redio iliyofungwa ovyo, au rilei, ile swichi ya umeme, iliyoganda. Alifarijika kwamba angalau chanzo kimejulikana.

"Ni nani?" aliuliza.

"Simaloi. Mke wa Yiamat. Alifia humo humo, mwezi wa tatu."

Lesikar alieleza akiwa ameegemea bodi, bila haraka. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Simaloi alishikwa na uchungu tangu asubuhi, na kufika saa kumi alasiri muuguzi wa zahanati akasema huyu apelekwe mjini, mtoto amekaa vibaya. Wakampakia. Lesikar akawasha. Stata ikalia ta-ta-ta, basi. Wakasukuma, gari likazama kwenye tope getini. Wakasukuma tena. Pikipiki isingeweza kumbeba mtu aliye katika hali ile. Mumewe alikimbia mpaka barabara ya lami kutafuta gari jingine, na aliporudi nalo, jua lilikuwa halijazama lakini Simaloi alikuwa ameshakata roho, yeye na mtoto.

"Tulimzika Ijumaa," alisema Lesikar. "Jumatatu nikamkuta amekaa. Hana shida na mtu. Tukibeba mgonjwa anampisha."

"Na betri ya gari? Ile sabini?"

Lesikar akafunga kifungo cha koti lake. "Iko kwa mwenyekiti wa kamati ya gari."

Anneth alirudi nyuma ya gari. Hakujua Kimaasai, lakini Simaloi alikuwa amemaliza darasa la saba, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Pole, mdogo wangu," alisema Anneth.

"Asante, dada. Ndiyo wewe fundi?"

"Ndiyo mimi. Unakula umeme wa gari."

"Najua. Nakunywa kidogo kidogo. Siumwagi."

"Ungeshuka, gari lingekuwa linawaka."

Simaloi aliweka mkono juu ya tumbo. "Waliniambia nikae hapa mpaka tufike. Hatujaondoka bado. Siku gari litakapowaka kwa betri yake lenyewe, tutakwenda, na mimi nitashuka."

Anneth aliona hilo ni dai la haki. Yeye mwenyewe angesema vivyo hivyo. Alifunga ile betri ndogo, akakaza vibano kwa vipande vya risasi badala ya msumari, akamwambia Lesikar akifika kijijini apange siku ya yeye kuonana na kamati.

Walimwita Alhamisi. Alipanda na gari lenyewe, wakapita Sakina, wakapita Ngaramtoni, mlima ukiwa upande wa kulia na mawingu yameukalia. Simaloi alikuwa nyuma, ameegemea kioo. Walipofika zahanati, mwanamume mmoja kijana alikuwa anawangoja getini na kibuyu cha maziwa. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa benchi la pili akimtazama mkewe. Huyo alikuwa Yiamat. Lesikar alisema huja kila siku na maziwa, hukaa kwa muda wa kutosha kunywa kikombe kimoja, halafu huenda kwenye ng'ombe.

Kamati ya gari ilikuwa na watu saba, na vikao vyake vilifanyika sebuleni kwa mwenyekiti, Mzee Tajeu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na viti. Mzee Tajeu alikuwa mtu wa tabasamu, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza. Alimpokea Anneth kwa mikono miwili, akamuuliza habari za Machame, na mkewe akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi.

Televisheni ilikuwa imewashwa, sauti imepunguzwa. Chini yake, juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, ilikuwapo betri ya sabini. Vichwa vyake vilikuwa safi na vimepakwa grisi. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe ZAHANATI, herufi zikiangalia wageni. Wanakijiji walikuwa wameichangia na kuiandika wenyewe siku gari lilipokuja.

Anneth alieleza alichokipima. Alisema gari halina ubovu wowote. Alisema mvujo wa umeme ni Simaloi, na Simaloi atashuka siku gari litakapowaka kwa betri yake. Alisema betri yenyewe ndiyo ile, na akaionyesha kwa kidole. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njiani alikuwa amepanga hata maneno ya kujibu. Wajumbe waligeuka wote saba wakaitazama betri, kisha wakarudisha macho kwenye vikombe vyao.

"Fundi amesema vizuri," alisema Mzee Tajeu. "Ni kweli, ndiyo hiyo. Sasa, mama, betri ikikaa kwenye gari huibiwa. Hapa iko salama. Inachajiwa na sola kila siku, haijawahi kulala hata mara moja. Na hakuna siri, kila mtu anaiona."

Wajumbe wakakubali kwamba kila mtu anaiona. Mmoja akasema taarifa ya habari ya saa mbili wanaiangalia hapo hapo, kijiji kizima, na isingekuwa betri hiyo wasingejua hata nchi inakwendaje. Mwingine akasema gari huwaka likiegeshwa kwenye mteremko, kwa hiyo liwe linaegeshwa kwenye mteremko.

Yiamat alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa mjumbe.

"Mimi nataka mke wangu ashuke," alisema.

"Tumekusikia, mwanangu," alisema Mzee Tajeu. Katibu akaandika kwenye daftari kwamba Yiamat amesikika.

Kisha kamati ikaazimia, bila mtu kupinga, kwamba Simaloi asisumbuliwe, fyuzi ya taa yake isichomolewe, na fundi ashukuriwe. Wakamshukuru. Anneth alikunywa chai yake mpaka mwisho kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesimama anamngoja amalize, na alipotoka nje alijikuta bado ameshika kikombe. Alikirudisha kikombe.

Ikapita miezi miwili bila habari. Kisha Jumamosi moja, saa tano asubuhi, Anneth akiwa chini ya dashibodi ya basi dogo, simu yake iliita. Alikuwa Lesikar.

"Mama Hanna, haliwaki. Nina Namnyaki humu nyuma, maji yamekwisha kumwagika."

"Uko kwenye mteremko?"

"Mteremko umelimwa na mvua, hakuna pa kuegesha. Niko tambarare. Stata hailii kabisa, hata ta moja."

"Washa taa kubwa."

"Hazionyeshi."

"Basi betri imekufa. Tafuta gari uchukue umeme kwa waya."

"Hakuna gari, mama. Leo ni siku ya mnada, yote yamekwenda."

Anneth alitambaa akatoka chini ya dashibodi. Alifikiria ile betri juu ya kitambaa cheupe. "Mtume mtu kwa mwenyekiti."

"Ametumwa. Nyumba imefungwa, mwenyewe yuko mnadani."

Kwenye simu, nyuma ya sauti ya Lesikar, alisikika mwanamke anayehema kwa uchungu, na mwingine anayezungumza kwa utulivu. Lesikar akamsikiliza.

"Simaloi anasema nimpe zile waya za kuazimia umeme," alisema. "Anasema umeme wote ambao amekuwa akiunywa tangu mwezi wa tatu anao."

Anneth alifikiri kidogo. Kitu kinachokula chaji kwa miezi mitano bila kuitumia, kwa vyovyote kimeiweka mahali.

"Fungua waya zote mbili kwenye hiyo betri iliyokufa, usiziache zinaning'inia," alisema. "Nyekundu mpe mkono wa kulia, nyeusi wa kushoto. Upande wa gari funga vivyo hivyo, chanya kwa chanya. Na mwambie mikono isigusane."

Alingoja simu ikiwa sikioni. Alisikia mlango, chuma kikigonga chuma, Lesikar akisema neno kwa Kimaasai, na Simaloi akimjibu. Kisha injini ikawaka, mara moja, bila kusita, kama gari lililotoka kiwandani.

Namnyaki alifika hospitalini mjini kabla ya saa saba na kujifungua mtoto wa kike. Simaloi alikuwa amekaa karibu yake njia nzima, mikono imekunjuliwa, waya zikipita juu ya magoti ya wote wawili. Walipofika getini, Lesikar alimuuliza kama atashuka. Alisema hapana, gari halikuwaka kwa betri yake.

Wiki iliyofuata Mzee Tajeu alishuka mwenyewe na gari hadi Daraja Mbili. Alikuwa amevaa kofia na koti jipya, na alimletea Anneth asali ya Oldonyo Sambu kwenye chupa ya soda. Alikaa juu ya ile ndoo, akasifu karakana, akasifu wanawake wanaojishughulisha.

"Sasa, mama, tuna kazi ndogo," alisema. "Zile waya za kuazima zinasumbua, zinapita dirishani, mvua ikinyesha watu wanalowa. Tunataka utufungie nzuri, za kudumu, zipite chini ya sakafu mpaka kwenye kiti chake. Ile betri ndogo tumeshaitoa. Mwanangu anachajia watu simu."

"Rudisheni sabini," alisema Anneth. "Nitaifunga bila malipo, leo hii, na nitapanda mwenyewe."

Mzee Tajeu alimtazama kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. "Sasa gari linawaka, mama. Kwa nini tuweke mbili pale ambapo moja inatosha?"

Anneth alisema hataifanya kazi hiyo. Mwenyekiti alisema hana haraka, akaenda kununua misumari.

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wa wachomeleaji. Anneth alifungua mlango wa nyuma, akapanda, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo geti la chuma.

"Umemsikia?" aliuliza Anneth.

"Nimemsikia."

"Nikizifunga hizo waya, hawatairudisha betri kamwe. Wewe utakaa hapa mpaka gari lioze."

"Ninajua, dada."

"Basi nisaidie nikatae. Acha kuwapa umeme. Siku mbili tu, wataileta."

Simaloi alikuwa anachezea ncha ya shuka lake. "Mimi waliniacha siku moja," alisema. "Hawakuileta." Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba Sabina anajifungua mwisho wa mwezi huu, na mke wa Sakaya mwezi unaofuata, na huyo wa Sakaya ana kisukari. Akasema yeye na Sabina walisoma darasa moja. "Funga tu, dada. Ila mikono inachoka. Uniwekee kitu laini cha kushikia."

Anneth alishuka. Alisimama mbele ya rafu yake ya vifaa muda mrefu kiasi kwamba muuza matairi alimuuliza kama ameibiwa. Halafu akachagua waya za shaba nene kuliko zote alizokuwa nazo, akazipitisha chini ya sakafu ndani ya mpira ili zisisuguane na chuma, akaweka fyuzi kubwa katikati kwa usalama, na mwisho wa kila waya akafunga kishikio alichokivingirisha kwa ngozi ya kondoo. Hakuwa anajua kufanya kazi mbovu. Alipomaliza alimpa Simaloi vishikio, akapima. Mita ilisoma volti kumi na mbili na nukta saba, kiwango cha betri iliyojaa kabisa.

Mwenyekiti alirudi na misumari yake, akaijaribu swichi, akaridhika. Anneth alimrudishia asali. Mzee Tajeu hakukasirika. Alisema labda mama hatumii vitu vitamu, akampa Lesikar.

Sabina alijifungua salama. Mke wa Sakaya pia, ingawa alilazwa siku sita. Mzee mmoja aliyeumwa na nyoka aliwahishwa, na kijana aliyeanguka na pikipiki. Kijijini watu walizoea. Akina mama wajawazito walipokuja kliniki walimsalimia Simaloi dirishani, na yeye aliwauliza miezi. Yiamat aliendelea kuja na maziwa, ila sasa ilimbidi amnyweshe mwenyewe kwa kuwa mikono ya mkewe ilikuwa kazini. Mzee Tajeu alinunua televisheni kubwa zaidi, na betri ya sabini iliimudu.

Mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua za vuli kuanza, Lesikar alilileta gari kwa ukaguzi wa kawaida. Alisema linawaka, lakini siku hizi linasita kidogo. Anneth hakupoteza muda kwenye boneti. Alipanda nyuma, akaomba aone mikono.

Unga ulikuwa umeota. Kwenye kiganja cha kulia ulikuwa wa kijani na bluu, umeingia katikati ya vidole na kupanda mpaka kwenye bangili za shanga. Kushoto ulikuwa mweupe, mkavu, unapukutika akigusa shuka.

"Inauma?" aliuliza Anneth.

"Inawasha. Usiku wa mvua zaidi."

Anneth alichemsha maji kwenye jiko lake la mkaa. Alituma kununua magadi dukani, yale ya kupikia maharage, akayakoroga kwenye beseni mpaka yakayeyuka. Alimwambia Simaloi aachie vishikio, akachukua mkono mmoja, akauweka ndani ya maji. Maji yakachemka povu, kama yanavyochemka juu ya betri yoyote. Alisugua kwa mswaki wa zamani, polepole, kidole baada ya kidole, na chini ya unga ngozi ilitokea imelika, nyekundu. Simaloi alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema tangu azikwe hakuna mtu aliyemwosha mikono. Anneth alisuuza mswaki. Alibadilisha maji, akaosha na mkono wa pili, akaikausha yote miwili kwa kanga yake mwenyewe aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaipaka grisi nyingi. Kanga ilitoboka baadaye pale ilipoguswa na maji yale, lakini aliendelea kuivaa.

Alikuwa bado yuko nyuma ya gari aliposikia mtu anabisha kwenye bodi. Alikuwa ofisa mmoja wa ukaguzi wa magari ya huduma, mwanamume nadhifu mwenye faili ya bluu, aliyekuwa amelitafuta gari hilo tangu juzi. Alikuwa ameambiwa kijijini kwamba liko Daraja Mbili. Aliomba boneti ifunguliwe.

Alikagua matairi, taa, breki, akaweka alama ya vema. Alipofika kwenye kitako kitupu cha betri alisimama, akafuata waya kwa macho, akainama chini ya sakafu, akatokea upande wa nyuma. Alimwona Simaloi na vishikio vyake.

"Habari ya kazi," alisema ofisa.

"Nzuri," alisema Simaloi.

Ofisa alifungua faili. "Betri, ipo," alisema huku anaandika. "Hali?"

Alikuwa anamuuliza Anneth, kwa kuwa ndiye fundi. Anneth alisema betri ya gari hilo iko nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati, sebuleni, chini ya televisheni, na imeandikwa ZAHANATI, na akamwomba aliandike hilo. Alilisema taratibu, neno kwa neno, ili liandikike. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema fomu haina mahali pa maelezo ya namna hiyo, ina mahali pa hali tu. Akamwomba Lesikar awashe. Gari likawaka papo hapo, na ofisa akaandika nzuri.

"Umri wake?" aliuliza.

"Ishirini na tano," alisema Simaloi.

"Miezi?"

"Miaka."

Ofisa aliandika miaka ishirini na tano. Alisema betri za siku hizo zilikuwa imara, hazitengenezwi tena namna hiyo. Kisha akaangalia saa, akauliza kama gari linarudi Oldonyo Sambu, kwa sababu ana ndugu Ngaramtoni na angependa kusogezwa. Lesikar alisema mbele pamejaa vifaa vya zahanati, ila nyuma kuna nafasi.

Ofisa akapanda. Simaloi akasogea. Ofisa alimpa faili amshikie wakati anatafuta mkanda, akaona mikono ya mwenzake haina nafasi, akaiweka juu ya tumbo la Simaloi, ambako ilikaa vizuri bila kuteleza.